Mahali pa Kuingilia Maji

Mtoto wa Shimoni haingii baharini popote tu. Kabla ya kufundishwa kupiga mbizi, hufundishwa kutazama. Baba yangu mdogo, mvuvi wa pweza aliyekuwa pia akiwapeleka wageni kwenye matumbawe ya Kisite, alikuwa akinisimamisha ufuoni na kuniuliza maswali hata sijavua shati. Mwezi leo wa ngapi? Maji yajaa au yapwa? Upepo watoka wapi? Majibu yasipomridhisha tulirudi nyumbani, hata kama jua lilikuwa zuri na bahari imelala kimya.

Maswali yale yalikuwa na sababu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au umepevuka, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Yanapotoka hupita kwenye mlango wa mwamba kwa nguvu ya kumkokota mtu mzima hadi nje, kwenye kina. Siku saba baadaye ni maji mafu, na mlango uleule unapitika na mtoto. Kusi ikishika, upande mmoja wa kisiwa cha Wasini unachafuka na mwingine unabaki shwari; kaskazi ikija, maji husafika hadi unamwona samaki aliye mbali nawe mita 15 na zaidi. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mahali pa kuingilia maji huwa na saa yake, na kwamba bila ile saa mahali penyewe hapana maana.

Elimu hiyo ndiyo niliyoibeba, pamoja na miwani ya kuzamia na viatu vya mpira, Tume ya Huduma za Walimu iliponipeleka kufundisha Karungu, miaka michache kabla ya mafuriko ya 2020.

Karungu iko Nyatike, kaunti ya Migori, kwenye ghuba inayotazama machweo. Kaskazini vinasimama vilima vya Gwassi, ambavyo ni upande wa Homa Bay, mabaki ya volkano ya kale iliyokwisha kulika. Kusini Mto Kuja unamwaga ziwani maji yake ya rangi ya udongo. Katikati ni Sori, mji wenye soko, bandari ya boti za kwenda kisiwa cha Migingo, na harufu ya omena, dagaa wa ziwa, wanaokauka kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Ziwa lenyewe ni kubwa kupita akili ya mtu aliyezoea kuona ng'ambo: takriban kilomita za mraba 68,800. Kina chake si kirefu kwa ukubwa huo, wastani wa mita 40 hivi. Na maji ni ya kijani. Mara ya kwanza nilipozama pale nilinyoosha mkono, nikaona kiganja changu kikififia mbele ya uso wangu.

Basi miwani nikaiweka. Hapa hakuna anayechagua mahali pa kuzamia ili aone matumbawe. Watu wanachagua mahali pa kuingia kwa kuwa ni lazima waingie: kuteka, kuoga, kufua, kunywesha ng'ombe, kusukuma boti. Ndiyo maana uchaguzi wao una uzito kuliko wa mgeni yeyote niliyewahi kumsaidia kupanda mashua Shimoni. Mgeni akikosea anapoteza pesa za safari. Mama wa Karungu akikosea anaweza kupoteza mtoto.

Jambo la kwanza kujifunza lilikuwa saa ya ziwa. Hakuna bamvua, hakuna maji mafu. Mwezi unahesabiwa na wavuvi wa omena tu, kwa sababu taa zao huvuta samaki vizuri usiku wa giza. Saa ya ziwa ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa baridi hushuka kutoka Gwassi na nyanda za Nyatike ikielekea ziwani. Ni umande uleule, upepo wa kutoka nchi kavu, unaowatoa wavuvi wetu wa Shimoni alfajiri, na boti za tanga za Karungu huutumia vilevile. Jua likipanda mambo hugeuka. Nchi hupata joto, upepo huanza kutoka ziwani, kwanza kwa kusitasita karibu na adhuhuri, na kufikia alasiri ghuba nzima ina mawimbi yenye povu. Mahali palipokuwa pametulia saa 2 asubuhi, saa 10 jioni panamgonga mtu kwenye mawe.

Usiku nao una yake. Umande hautoki Kenya peke yake. Unatoka Uganda na Tanzania pia, na hewa ya pande zote hukutana juu ya maji yaliyobaki na joto la mchana. Hapo ndipo radi na mvua kubwa huzaliwa, usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko, wakati uleule ambapo wavuvi wa omena wako mbali na taa zao. Kutoka nyumbani kwangu nilikuwa naziona taa zile zimepangana kama mtaa uliojengwa juu ya maji, halafu umeme wa radi unamulika nyuma yake. Sikuwahi kuzoea kuzitazama kwa utulivu. Wengi wa watu wale hawakujua kuogelea, na walinieleza hivyo bila kusita, kama mtu anavyotaja urefu wake.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane mfanyabiashara wa omena. Nilipomwomba anionyeshe mahali pa kuoga alichukua mtungi wake, tukatoka pamoja. Alinipitisha mahali pawili ambapo mimi ningesimama papo hapo. Pa kwanza palikuwa na mchanga laini, matete yametia kivuli, maji yametulia kabisa.

"Hapa je, Mama?" nikauliza.

"Hapo ng'ombe wanakunywa, Mwalimu, na konokono wamejaa kwenye majani. Pazuri kwa macho tu."

Pa pili palikuwa bichi yenyewe, boti zimepangwa, wanaume wanafua nyavu. Pale, alisema, kuna petroli juu ya maji, kuna matumbo ya samaki, kuna ndoana zilizozama mchangani, na tena mwanamke hawezi kuoga hapo. Tukaendelea kutembea hadi kwenye ncha ya mawe meusi, mahali ambapo kwa macho yangu ya pwani palikuwa pabaya kuliko pote: mawe yanateleza, mawimbi madogo hayaachi kupiga, hakuna pa kuweka nguo.

"Maji yanayogonga mawe hayalali," akasema. "Konokono hapendi kugongwa."

Upande ule wa mwamba ulikuwa wa wanawake. Wanaume waliogea upande wa pili, na yeyote aliyetaka kuuzunguka mwamba alipaswa kukohoa au kuongea kwa sauti kwanza. Nilifurahi kuona kwamba heshima nayo inahesabiwa katika kuchagua mahali. Vitabu vya wapiga mbizi nilivyosoma vinataja mkondo, kina na njia ya kutokea. Havitaji mwamba wa kujistiri, na bila huo nusu ya watu wa ufuo hawana pa kuoga.

Kuhusu viboko nilifundishwa na mzee mmoja wa boti, ambaye vijana walimwita jaduong', yaani mzee, na mimi nikafuata. Alinipeleka kwenye matete akanionyesha njia iliyokandamizwa ikawa handaki, na mavi yaliyorushwa juu ya vichaka pande zote mbili, kwa sababu kiboko hujisaidia huku akipiga mkia. Jioni hutoka hapo kwenda malishoni, na kabla jua halijachomoza hurudi hapohapo. Mtu anayesimama kati ya kiboko na maji amesimama mlangoni pake. Mzee alikuwa hana neno baya kuhusu mnyama yule. Alisema tu kwamba ana saa zake na njia zake, na asiyezisoma asimlaumu. Juu ya mamba alikuwa mkali zaidi. Karibu na mdomo wa Kuja, mahali penye maji ya nyuma yaliyotulia na kingo za mchanga, hakutaka mtu aoge kabisa. Na kwingineko kote alikataza tabia ya kwenda peke yako, mahali palepale, saa ileile, kila siku. Mamba, kwa maneno yake, hujifunza ratiba ya mtu.

Mamba wa Karungu wamo hata katika historia ya sayansi. Mwaka 1909 mtafuta dhahabu aliona mifupa iliyogeuka mawe kwenye makorongo ya huku. Aliyetumwa kuikusanya alikuwa D. B. Pigott, afisa wa utawala wa kikoloni, na afisa huyo akauawa na mamba. Katika mifupa hiyo ndimo mtaalamu C. W. Andrews wa London alimotambua, mwaka 1911, mnyama wa jamaa ya tembo mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, akamwita Deinotherium hobleyi. Mwaka uleule Felix Oswald alitumwa Karungu kuchimba zaidi, kwenye makorongo ya Nira na Kachuku. Pamoja na wanyama wa nchi kavu zilipatikana huko mabaki ya kobe wa majini na ya mamba, ya zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Nilipowapeleka wanafunzi wangu kwenye korongo mojawapo, nilitaka waone kwamba hoja ya mzee wa boti ni ya kale kuliko ziwa lenyewe.

Oswald alikiita kitabu chake cha 1915 *Alone in the Sleeping-Sickness Country*, na jina hilo lina habari yake. Miaka ile ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi mno kuzunguka ziwa, na mbung'o anayeueneza huishi kwenye vichaka vya kando ya maji. Serikali za kikoloni zilihamisha watu kutoka ufuoni sehemu nyingi, na pale palipoachwa watu waendelee kuteka maji au kufunga mitumbwi, agizo lilikuwa kufyeka vichaka. Kila kizazi cha ukingo huu kimelazimika kuchagua upya. Adui anabadilika, lakini swali la mahali na saa linabaki.

Adui wa leo ni mdogo kuliko mbung'o na haonekani kabisa. Kichocho cha tumbo kimekaa kwenye ukingo wote wa Ziwa Viktoria, na sisi walimu tuliona kazi yake darasani: mtoto mwenye tumbo kubwa na mikono myembamba, anayelala mezani saa 4 asubuhi na watu wakamwita mvivu. Nilisoma habari zake kwa hamu, kwa kuwa nilihitaji kuelewa kwa nini mwenye nyumba wangu anawaogopa konokono.

Minyoo ya kichocho huishi kwenye mishipa ya damu kuzunguka utumbo. Mayai yake hutoka na choo. Yai likifika kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kijidudu huanguliwa na kumtafuta konokono wa aina maalumu anayekaa kwenye matete, mafunjo na majani yaliyozama. Ndani ya konokono kijidudu kile huzaana, na baada ya wiki kadhaa konokono mmoja huanza kutoa vibuu kwa mamia na maelfu. Vibuu hivyo huamshwa na mwanga. Vingi hutoka jua likiwa kali, saa za kuelekea adhuhuri na kuipita kidogo, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache bila maumivu. Visipompata mtu hufa baada ya siku moja au mbili hivi. Waliougua miaka mingi ini huharibika, na wengine huishia kutapika damu.

Dawa ipo, prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kwa uzito au urefu wa mtoto. Inaua minyoo iliyokomaa, ila haimkingi mtu anayerudi majini wiki ijayo, na kila mtu wa Karungu hurudi majini wiki ijayo. Nawaheshimu sana wahudumu wa afya wanaokuja shuleni na vile vijiti vya kupimia urefu. Lakini naamini mahali pa kuoga ni sehemu ya tiba, na choo ni sehemu ya tiba, na ni makosa kuvitenga na kidonge. Tena kuna kinga moja rahisi ambayo kina mama wengi waliikubali mara tu walipoelezwa: maji ya kuogesha watoto yatekwe, yafunikwe, yalale ndani ya mtungi siku mbili. Vibuu vitakufa vyenyewe. Inahitaji mitungi ya kutosha, na mitungi ni pesa.

Sasa weka mambo haya yote pamoja, kama nilivyojaribu kuyaweka mimi kwenye karatasi jioni moja. Alfajiri ni ya kiboko. Adhuhuri ni ya kichocho. Alasiri ni ya mawimbi. Jioni kiboko anatoka tena, na usiku ni wa radi. Kinachobaki kwa anayetaka kuingia majini kwa usalama wa kadiri ni mwanya mdogo, tuseme saa 1 na nusu hadi saa 3 asubuhi, tena pale penye mawe na mawimbi, mbali na matete na mbali na mdomo wa mto. Mwanya huo upo kila siku. Nani anaweza kuutumia?

Mwalimu hawezi, kwa sababu yuko darasani. Mwanafunzi hawezi kwa sababu hiyohiyo. Msichana anayetakiwa kufika shule asubuhi na mapema huteka maji ya nyumbani gizani, katika saa ya kiboko. Mvulana akitoka shule alasiri huoga papo hapo penye matete karibu na njia, maji yakiwa bado na vibuu vya mchana. Ratiba yao imetungwa na watu wanaofungua bomba jikoni. Nilianza kulisema jambo hili katika mikutano ya wazazi, kisha katika mikutano ya walimu, na bado nalisema: ukimwambia mtoto achague mahali salama bila kumpa saa salama, hujampa kitu. Tulichoweza kufanya shuleni ni kuweka mifereji ya mabati na tangi la mvua, na kumruhusu kila mtoto kuondoka na dumu la lita 5 jioni. Kwa familia iliyo na watoto watatu shuleni, hayo yalitosha kumwondolea msichana ile safari ya alfajiri siku nyingi za msimu wa mvua. Kiangazi tangi lilikauka, naye akarudi gizani. Ningependa kila shule ya ukingo wa ziwa ianzie hapo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Halafu ukaja mwaka 2020.

Ziwa Viktoria hupata karibu asilimia 80 ya maji yake kutoka kwa mvua inayoliangukia moja kwa moja, na mto unaotoa maji humo ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mvua zikizidi miaka miwili mfululizo, ziwa halina pa kwenda ila kupanda ukingoni. Lilifanya hivyo kuanzia 1961 hadi 1964, likainuka zaidi ya mita 2, na wazee wa Karungu walikuwa wakionyesha kwa kidole mahali ndani ya maji palipokuwa na boma la baba zao. Mvua za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zikalirudisha kwenye kiwango kile, na mwezi Mei 2020 likakipita kidogo. Mto Kuja nao ukafurika eneo la Kadem na watu wakahamia shuleni, shule ambazo tayari zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona.

Kilichonishangaza ni jinsi ramani yote ya kuingilia maji ilivyofutika. Ile ncha ya mawe meusi ilizama. Mwamba wa kujistiri ukabaki kichwa tu. Bichi ikasogea nyuma hadi kwenye vibanda vya kukaushia. Na ukingo mpya ulikuwa juu ya vitu ambavyo havikupaswa kuwa chini ya maji: nyua za seng'enge, visiki, misingi ya nyumba, mashimo ya wachimba mchanga, na vyoo. Haya mawili ya mwisho ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Shimo la mchanga kwenye maji ya kijani halionekani. Mtoto anatembea maji yakimfika kiunoni, kisha hatua inayofuata hana chini. Na choo kilichofunikwa na ziwa ni mwanzo mpya wa safari ya lile yai nililolieleza, tena kipindupindu hakihitaji hata konokono.

Hapo nikaona elimu ikitengenezwa mbele ya macho yangu. Hakuna ofisi iliyochora ramani mpya. Kamati ya bichi, ile inayoitwa BMU, ilitoa vijana wawili wenye fito ndefu. Wakapita ukingoni wakichoma chini ya maji, na kila walipokuta shimo au waya walichomeka mti wenye kitambaa chekundu. Wanawake hawakungoja vijana wamalize. Walitafuta mahali pao kwa kuuliza swali ambalo vijana hawakuwa nalo: zamani hapa palikuwa shamba la nani, na choo chake kilikuwa upande gani? Mwenye nyumba wangu alijua maboma ya ufuo ule yote kwa jina na kwa mpangilio. Mahali walipopachagua palikuwa malisho matupu zamani, penye changarawe, upepo wa ziwa unapafikia sawasawa. Kwa wiki za kwanza hapakuwa na konokono hata mmoja. Kadiri matete yalivyoota kwenye ukingo mpya walihama tena, hatua chache chache, na hawakuhitaji mtu wa kuwaambia.

Gugumaji nalo lilizidi kuyavuruga mambo. Mmea huu umelisumbua ziwa upande wa Kenya tangu miaka ya 1990, na hata baada ya fukusi wake kuachiliwa majini kuula, bado hurudi kila maji yanapokuwa na rutuba nyingi. Unasafiri na upepo. Ghuba iliyo wazi asubuhi unaweza kuikuta jioni imefungwa kijani kitupu, na ndani ya mizizi ile wamo nyoka na wamo konokono. Kwa hiyo hata mahali pazuri pa jana hukaguliwa upya leo.

Nimesoma kuhusu Bonaire, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, ambacho wapiga mbizi hukisifu kuliko vingi kwa uzamiaji wa kutokea ufuoni. Upepo wa huko hutoka mashariki karibu mwaka mzima, basi upande wa magharibi hukaa shwari, na kando ya barabara wamepanga mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe na jina la mahali pa kuingilia. Mgeni hukodi gari, hutafuta jiwe, huvaa mtungi wa hewa na kuingia. Nilipolisoma hilo niliona wivu wa kweli. Niliona wivu kwa sababu kuna nchi iliyoamua kwamba mahali pa kuingilia maji panastahili alama, jina na matunzo ya umma, hata kama wanaopatumia wamekuja kwa furaha tu.

Karungu haina upande mmoja ulio shwari mwaka mzima, kwa hiyo jiwe la manjano halingetosha. Ubao ungefaa zaidi, ule wa kuandikwa kwa chaki na kufutwa. Tuliuweka mmoja karibu na soko la samaki, kwa idhini ya kamati ya bichi: mahali pa wanawake wiki hii, mahali pa wanaume, njia ya kiboko iliyoonekana mbichi, shimo lililogunduliwa, siku ambayo wahudumu wa dawa ya kichocho watafika. Unaandikwa kwa Kiswahili na Kidholuo. Wanaouandika ni wanafunzi, na habari wanazipata kwa kina mama wa omena na kwa waendesha boti. Nilisisitiza mpangilio huo. Mtu anayeliona ziwa kutoka barabarani, hata akiwa na cheo, haulizwi.

Kuogelea tulianza baada ya hapo. Wazazi wengine walikataa, na sababu yao niliielewa: mtoto asiyejua kuogelea huogopa maji, na woga huo ndio umewalinda wengi. Jibu langu lilikuwa kwamba mtoto huyohuyo miaka sita mbele atakuwa ndani ya boti ya omena usiku wa giza, na hapo woga hautamsaidia. Tukakubaliana kwa masharti. Jumamosi tu, ndani ya ule mwanya wa asubuhi. Boti ya kamati isimame upande wa kina ikiwa na watu wawili na maboya ya kuvaa. Wasichana waongozwe na wanawake, upande wao. Kila mtoto awe amemeza dawa ya kichocho wahudumu walipopita, na arudi kupimwa. Hakuna aliyedanganywa kwamba maji ni safi. Waliambiwa kwamba hakuna ukingo wa ziwa hili usio na hatari ya kichocho, na kwamba sisi tumechagua hatari ndogo kwa saa ndogo.

Niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Kabla ya kuvua shati tulisimama kwenye changarawe na kila mtoto alijibu: upepo watoka wapi, maji leo ni ya rangi gani, gugumaji liko wapi, nani aliyepita hapa kabla yetu na amesema nini? Kuelea kulikuja kwanza, mgongo chini na masikio ndani ya maji, kwa sababu anayejua kuelea anaweza kungojea boti. Kupiga mbizi kulikuja mwisho, nao walikuwa hodari kuliko nilivyotarajia, wakizama kwenye maji yale ya kijani na kuibuka na changarawe mkononi.

Ijumaa moja jioni mama mmoja muuza omena, ambaye mwanawe alikuwa katika kundi la Jumamosi, alikuja hadi mlangoni kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha Kisii, huko Mto Kuja unakotoka, kutwa nzima. Karungu hapakuwa na tone. "Mwalimu, kesho msiende," akasema. "Kuja umejaa, na upepo unatoka kusini. Asubuhi maji yake yatakuwa hapa." Nilimshukuru, nikamtuma kijana akaandike ubaoni kwamba mahali pa changarawe pamefungwa hadi Jumatatu, na kwamba Jumatatu saa 1 asubuhi kina mama wawili watapaangalia kwanza.